Asiuze Baiskeli

Ukumbi wa Kaloleni, Jumamosi, mwaka wa tatu wa bendera.
Mabenchi tumeazima kanisani, shuka la sinema lina kiraka
kinachomkaa kila mwigizaji shavuni kama kovu la ndui.
Caetano Mgoa anawasha mashine, anapiga ishara ya msalaba,
na ukungu wa London unaingia Nairobi bila pasipoti.

Filamu ya kutisha. Jumba la bwana mkubwa, mishumaa,
bibi mweupe ndani ya nguo ya kulalia, na sanduku
lililotoka Afrika. Si Kavirondo, si Ukambani, si Mrima:
Afrika tu, kama mtu anavyosema "kule uani."
Sandukuni mna kinyago. Akigusaye hafi kifo chema.

Tulimwogopea yule bibi. Kamera ilitushika kidevu
ikatugeuza tutazame anapotazama yeye,
nasi, watoto wa Kaloleni, tukakunja magoti juu ya benchi
tukiomba giza lisimfikie,
na giza lenyewe lilikuwa na pua zetu.

Akatokea kuhani wa Kihindi. Caetano akacheka peke yake:
"Tazameni kola! Kiwi imeishia kwenye kola!"
Kweli, chini ya kola shingo ilikuwa maziwa.
London nzima walikosa Mhindi?

Halafu ngoma. Halafu yeye.
Baba mdogo Kegode, aliyekwenda kusomea uhasibu
na koti la fundi Muthoka mgongoni,
sasa kifua wazi, majivu usoni, kiunoni ngozi ya mbuzi
iliyotiwa madoa ya chui kwa burashi.
Nyanya akasimama: "Nani amemvua mtoto wangu suruali?"

Walimwambia (aliandika baadaye) sema lolote,
lugha ya kwenu, ila kwa ukali, kama unalaani.
Basi akainua mikono, akatoa macho,
akamngurumia yule bibi:

"Muthoka! Koti linanipwaya! Deni nitalipa Desemba!
Baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno!
Mwambieni Rasoa asiuze baiskeli!"

Bibi akazimia.
Ukumbi nao ukaanguka. Watu walilia kwa kicheko,
benchi la tatu likavunjika mguu,
na Muthoka, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akapaza sauti:
"Rudisha! Rudisha! Desemba ya mwaka gani?"
Caetano akarudisha. Mara tatu alilaani,
mara tatu mwanamke wa watu akaenda chini.

Rasoa hakucheka.
Baiskeli alikuwa ameiuza Aprili.

Dakika chache mbele kinyago kikamwangukia Kegode. Wa kwanza kufa.
Tulisubiri majina mpaka taa zikawaka:
aliyemfunza paka wa jumba lile alitajwa,
aliyechana nywele za bibi alitajwa.
Nyanya, asiyejua kusoma, aliuliza, "Amepita?"
Tukamjibu amepita, amepita haraka.

Juzi, huku Umoja, mjukuu wangu kaipata kwenye simu.
Siku hizi kuna maandishi chini,
yanafasiri hata kikohozi cha bwana mkubwa.
Kegode alipofungua kinywa yakaandika:
anaapiza, lugha haijulikani.

Mtoto akanigeukia. "Nyanya, si hiki ni Kiswahili?"

Nikaichukua simu. Nikavaa miwani.
Alikuwa na miaka ishirini na minne, mbavu zinahesabika,
na kweli alikuwa anatetemeka; nilipokuwa mdogo
nilidhani ni uigizaji.

Iliuzwa, baba mdogo, nikamwambia.
Aliichukua mhunzi wa Shauri Moyo, shilingi sitini,
na kengele yake. Koti, Muthoka alisamehe
kabla hajafa. Rasoa alingoja Desemba saba.

Akainua mikono tena, akatoa macho.
Bibi akazimia.